Sura ya Tano: Kumuuliza Kijana

Vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI huja kwenye kopo la plastiki, na kopo hilo likitikiswa hulia. Kwa mtu mzima mwenye chumba chake, mlio huo hauna maana. Kwa msichana wa kidato cha pili aliyezaliwa na virusi, anayelala bwenini na wenzake ambao hawajui lolote kuhusu hali yake, mlio huo unaweza kumharibia miaka yote ya shule. Kwa hiyo wapo wanaovihamishia vidonge kwenye karatasi au kitambaa, wapo wanaovimeza chooni usiku bila maji, na wapo wanaoviacha kabisa mpaka likizo ifike. Dawa ipo, ni ya bure, na inafanya kazi. Kliniki imetimiza wajibu wake, na bado virusi vinapanda.

Daktari anayesoma majibu ya damu ataona wingi wa virusi. Bweni hataliona kwenye karatasi ya maabara. Ili alione, lazima awepo mtu aliyefunzwa kumuuliza yule msichana anaogopa nini, anamwamini nani, anajionaje, na ni kitu gani kingemrahisishia kumeza kidonge chake kila siku. Mtu huyo ni mwanasaikolojia wa afya. Taaluma yake huchunguza jinsi mawazo, hisia, mazoea na mahusiano ya watu yanavyochangia kuugua kwao na kupona kwao, na jinsi ugonjwa nao unavyoirudia akili.

Sura hii inawahusu waliochagua kazi hiyo na kuielekeza kwa vijana wa miaka 10 hadi 19. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa rika hilo ana tatizo la akili linalostahili kuitwa ugonjwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya magonjwa ya akili yanayowapata watu maishani huwa yameshaanza wanapofika miaka 14. Anayesubiri watu wakue ndipo awatibu amechelewa.

Hoja yangu ni moja. Thamani ya mtafiti wa afya ya akili ya vijana hupimwa kwa uwezo wake wa kuuliza swali ambalo kijana anaweza kulijibu kwa ukweli na kwa usalama. Shahada, machapisho na uprofesa vyote vinasimama juu ya uwezo huo.

Watu wasiokuja

Mbegu ya taaluma hii ilipandwa na kitendawili kinachofanana na cha bwenini. Katika miaka ya 1950, serikali ya Marekani ilipeleka mashine za eksirei mitaani ili watu wapimwe kifua kikuu bila malipo. Wengi hawakuja. Wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma, miongoni mwao Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walikataa kuwaita watu hao wajinga. Waliwauliza. Wakagundua kwamba mtu huamua kupimwa kwa kuzingatia mambo kadhaa: kama anaamini ugonjwa unaweza kumpata yeye mwenyewe, anauona una hatari kiasi gani, anatarajia faida gani kwa kupimwa, na vikwazo gani viko njiani. Mfano huo wa imani kuhusu afya unafundishwa mpaka leo.

Mwaka 1977 daktari George Engel aliandika katika jarida la Science akiwataka matabibu wautazame mwili, nafsi na jamii kwa pamoja. Mwaka uliofuata Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilifungua tawi la saikolojia ya afya, na Joseph Matarazzo akawa rais wake wa kwanza. Taaluma ikapata jina na nafasi yake vyuoni.

Kosa la Mathari

Huku kwetu historia ilianza vibaya, na kila kijana anayeingia katika kazi hii anapaswa kuijua. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliongozwa na daktari wa kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Ubaguzi wa madai hayo unaonekana kwa macho. Kosa la kitaalamu lililomo ndani yake linahitaji kufafanuliwa. Carothers aliwahesabu wagonjwa walioletwa Mathari. Ni nani waliokuwa wakiletwa? Waliopiga watu, waliotembea uchi, waliowasumbua majirani na polisi. Mama aliyekaa kimya nyumbani mwezi mzima bila hamu ya kula wala kuzungumza hakuna aliyempakia kwenye gari kumpeleka Nairobi. Carothers hakumwona, akahitimisha kwamba hayupo.

Jibu lilitoka Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili aliyefungua milango ya hospitali ya Aro, Abeokuta, ili wagonjwa waishi vijijini pamoja na ndugu zao, alishirikiana na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell kuwafuata Wayoruba majumbani kwao. Katika matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1963, dalili za sonona zilikuwa tele. Watu walikuwa na huzuni yao miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuwauliza walipo, kwa lugha yao.

Kilifi

Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza walianzisha kituo cha utafiti katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya. Wodi ya watoto ilijaa malaria kali, ile inayopanda kichwani na kuleta degedege. Wengi waliokolewa na kurudishwa nyumbani. Ndipo likaibuka swali ambalo hadubini haikuweza kulijibu: mtoto aliyepona ana akili timamu? Anajifunza kama wenzake, anazungumza, anakumbuka? Daktari wa mishipa ya fahamu Charles Newton na mwanasaikolojia Penny Holding walikuwa miongoni mwa waliolifuatilia, na kazi yao ilisaidia kuonyesha kwamba kupona homa hakumaanishi kupona kabisa.

Ili kulijibu swali hilo ilibidi kuwe na kipimo. Vipimo vilivyokuwepo vilitoka Ulaya na Marekani, ghali, vikiwa na picha na vifaa ambavyo mtoto wa Kigiriama hajawahi kuvishika. Mtoto anaposhindwa kukitumia kitu asichokijua, huwezi kusema ameshindwa kwa sababu ya akili yake au kwa sababu ya kitu chenyewe. Kutokana na hali hiyo kikatengenezwa kipimo cha Kilifi cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vifaa vinavyopatikana pale pale. Ripoti ya ubora wake ilitoka mwaka 2008, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa mwanasaikolojia wa Kenya, Amina Abubakar.

Safari yake ya kitaaluma inafaa kuangaliwa na yeyote anayejiuliza kazi hii ina sura gani. Alisoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafanya utafiti Kilifi, na mwaka 2008 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Huko alikuwako Fons van de Vijver, mmoja wa mabingwa wa dunia katika somo la kulinganisha vipimo vya saikolojia baina ya tamaduni. Akarudi pwani. Alianza na watoto wachanga, akaendelea na watoto walioguswa na virusi vya UKIMWI, kisha na vijana, kwa sababu watoto waliookolewa na dawa walikuwa wanakua na matatizo yao yalikuwa yanakua pamoja nao. Baadaye aliongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, huku akiendelea kuwalea watafiti wachanga. Njia yake inaonyesha jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi: mtafiti mzuri hukaa na watu wale wale kwa miaka mingi na kuliacha swali lake likue pamoja nao.

Maswali tisa

Tukisogelee kipimo kimoja. PHQ-9 ni dodoso la sonona lililochapishwa mwaka 2001 na kusambaa dunia nzima kwa sababu ni fupi na halilipiwi. Lina maswali tisa. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita, na jibu hupewa alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Anayepata 10 au zaidi huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Kwenye karatasi ni kazi ya dakika tano. Likifika chini ya mwarobaini nyuma ya madarasa, mhojaji akiwa na kishikwambi na mwanafunzi wa miaka 15 akiwa mbele yake, kila swali linafungua jingine. Dodoso linauliza kuhusu kukosa hamu ya kula. Katika nyumba inayopika mara moja kwa siku, jibu hilo linapima huzuni au linapima ukata? Linauliza kuhusu uchovu. Binti anayeamka alfajiri kuteka maji kabla ya shule amechoka kweli, na uchovu wake hauna uhusiano na sonona. Linauliza kama mtu anashindwa kutuliza mawazo anaposoma gazeti au kutazama televisheni, na nyumbani kwao hakuna kimojawapo.

Kwa hiyo kabla ya kipimo kutumika, watafiti hukitafsiri, wakampa mtu mwingine akirudishe katika lugha ya awali bila kuona maandishi ya kwanza, wakalinganisha. Kisha hukaa na vijana wachache na kuwaomba waeleze kwa maneno yao wenyewe kila swali limewaambia nini. Mahali kijana anaposita, ndipo penye kazi. Baada ya hapo huja hesabu: majibu yanashikamana? Mtu akiulizwa tena baada ya wiki mbili anajibu vilevile? Alama za dodoso zinalingana na uchunguzi wa mtaalamu aliyezungumza na kijana huyo kwa muda mrefu? Kipimo cha wasiwasi kiitwacho GAD-7 kilipitishwa katika hatua za namna hii kwa Kiswahili Kilifi, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kazi kama hiyo haipigiwi makofi, lakini bila hiyo takwimu zote zinazofuata ni kubahatisha.

Swali la tisa lina uzito wa peke yake. Linamuuliza mtu kama katika wiki hizo mbili amewaza kwamba afadhali afe, au kujidhuru. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinalihesabu kuwa kosa. Mtafiti anayelifuatilia jibu kwa kumuuliza kijana kama amewahi kujaribu kujiua huenda anamuuliza kama amewahi kuvunja sheria. Kijana akinyamaza, ana sababu.

Ndiyo maana mhojaji aliyefunzwa huanza kwa kumweleza kijana, kabla ya swali lolote, ni yapi yatabaki siri na ni yapi atalazimika kumshirikisha mtu mwingine ili kumlinda. Jibu la swali la tisa likiwa ndiyo, mahojiano yanasimama. Mhojaji hamwachi kijana peke yake, humwita mnasihi au muuguzi aliyepangwa tangu mwanzo, na jambo hilo halilali mpaka kesho. Utafiti usio na mpango huo haupaswi kuuliza swali hilo hata kidogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtafiti naye ana wajibu wa kuhakikisha kwamba anayefichua haumii kwa kufichua.

Ngazi na gharama zake

Anayetaka kuifanya kazi hii aanze na shahada ya kwanza ya saikolojia, uuguzi, udaktari, ustawi wa jamii au afya ya jamii. Shahada ya uzamili inaweza kupatikana hapa hapa: vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta vinafundisha saikolojia, Muhimbili ina uzamili wa saikolojia ya tiba, na Makerere ina shule nzima ya saikolojia. Kwa uzamivu, mtandao wa CARTA ulioanzishwa mwaka 2008 kwa uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand umewasomesha wahadhiri wengi wa Afrika bila kuwaondoa moja kwa moja katika vyuo vyao.

Wengi huanza chini kabisa kama wasaidizi wa utafiti, na ninawashauri vijana wasiione nafasi hiyo kuwa ndogo. Msaidizi ndiye anayetembea na dodoso, anayejua nyumba ipi haina mlango na mwalimu yupi hupenda kusimama karibu asikilize. Profesa asiyewahi kufanya kazi hiyo huandika maswali yasiyojibika.

Kisha zipo siku za makaratasi. Utafiti unaohusu watoto lazima upite kwenye kamati ya maadili. Kenya utahitaji pia kibali cha tume ya sayansi, NACOSTI. Tanzania utapita taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, na mtafiti kutoka nje ataomba kibali cha tume ya sayansi, COSTECH. Mzazi au mlezi atoe ridhaa, na mtoto mwenyewe naye akubali. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, jibu ni hapana. Hatua hizi huchukua miezi, na wanafunzi huzilalamikia. Mimi naziona kuwa sehemu ya utafiti wenyewe. Mtu anayeshindwa kuieleza kamati kwa nini anamsumbua mtoto hana sababu ya kumsumbua.

Gharama nyingine haiandikwi kwenye bajeti. Mhojaji anayesikiliza habari za kubakwa, za mayatima na za kukata tamaa kutwa nzima hubeba mzigo kwenda nao nyumbani. Miradi inayojiheshimu huwatengea wahojaji wake muda wa kuzungumza na mtaalamu kila wiki. Ajira nazo ni za mikataba, kwa sababu fedha nyingi hutoka ng'ambo na huja kwa miaka michache. Mradi ukiisha, timu iliyochukua muda mrefu kuifunza hutawanyika. Vyuo vyetu vinaweza kulirekebisha hili kwa kuajiri watafiti wa kudumu, na serikali zetu zinaweza kutenga fedha zao wenyewe. Kwa sasa, swali gani liulizwe kuhusu mtoto wa Kilifi au Moshi huamuliwa sana na walio mbali na mtoto huyo.

Swali linapozaa dawa

Je, kuuliza kote huku kunamponya nani? Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, umeanzishwa mpango uitwao Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Una vikao kumi vya kikundi, viwili kati ya hivyo vikiwa pamoja na walezi, na vikao viwili vya mtu mmoja mmoja. Vinaongozwa na vijana wenzao waliofunzwa. Humo kijana hujifunza namna ya kukabiliana na msongo, nani wa kumwambia hali yake na kwa wakati gani, na dawa anaitunza vipi.

Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake walibuni Shamiri, mpango wa vikao vinne vya saa moja moja kwa wanafunzi wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Wanaoongoza si madaktari. Ni vijana waliomaliza sekondari karibuni. Vikao havizungumzii ugonjwa. Vinazungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, vinafundisha shukrani, na kumsaidia kila mmoja kutambua mambo anayoyathamini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata Shamiri, jingine likapata vikao vya mbinu za kusoma vyenye urefu ule ule. Kundi la Shamiri lilipungukiwa zaidi na dalili za sonona na wasiwasi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye.

Hapo ndipo faida ya kipimo kizuri inapoonekana. Bila dodoso linaloeleweka na wanafunzi hao, hakuna ambaye angejua kama vikao vinne vimefanya lolote.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walifikia vigezo vya ugonjwa wenyewe. Namba hizo mbili zina maana tofauti kabisa. Ya kwanza inawataka wazazi na walimu wajifunze kusikiliza. Ya pili inaitaka serikali ilete matibabu. Anayezichanganya atawatisha watu bure au atawaacha wagonjwa bila tiba, na kuzitenganisha ndiko kunakohitaji wasomi.

Kwa hiyo nakusihi, msomaji. Ukiwa mwanafunzi unayewapenda vijana na huogopi takwimu, ingia katika kazi hii. Tunakuhitaji kuliko unavyodhani. Ukiwa mkuu wa shule, mtafiti akija na kibali, mpe chumba chenye mlango unaofungika, na usimwombe majina. Ukiwa kiongozi wa chuo, fungua nafasi za kudumu. Na ukiwa mzazi, usisubiri mtafiti. Muulize mwanao leo hali yake, kisha nyamaza mpaka amalize kukujibu.